Simfonia ya 6 ya Mahler: baada ya sehemu ya kwanza, ni Skerzo au Andante?

Nota Kavu (mwanzisha mada)
Wadau, kwa wasioifahamu: simfonia hii ya Gustav Mahler ina sehemu nne, dakika 80 hivi, na inaanza na kuishia kwenye A maina (ufunguo wenye hali ya huzuni). Aliitunga majira ya joto ya 1903 na 1904 huko Maiernigg, Austria, akaiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza Essen, Ujerumani, tarehe 27 Mei 1906. Ugomvi uko kwenye sehemu mbili za katikati: Skerzo, yenye midundo mikali, na Andante, ya polepole. Nota za kwanza zilizochapwa na mchapishaji Kahnt zilitanguliza Skerzo. Kufika mazoezini Essen, Mahler akazigeuza, na mchapishaji akalazimika kutoa toleo jipya. Kila alipoiongoza, Essen, Munich, kisha Vienna Januari 1907, Andante ilitangulia. Mtunzi ameshaamua. Mnabishia nini?

Mzee wa Tarumbeta
Taratibu, mkuu. Makaratasi tuyaheshimu, lakini na masikio tuyape nafasi. Sehemu ya kwanza inamalizika kwa shangwe ya A meja, ufunguo wa furaha. Skerzo ikiingia hapohapo, timpani na nyuzi za chini zinagonga A ileile, sasa kwenye A maina, na ile shangwe yote inafutika. Ndiyo alama ya kazi nzima hiyo: tarumbeta zinapaza A meja, C-shapu inashuka nusu hatua tu kuwa C, sauti zinafifia kwenye A maina huku timpani zikipiga mdundo wao mzito wa maandamano. Mpangilio wa Skerzo kwanza unairudia alama hiyo kwa ukubwa wa sehemu nzima.

Kisha tazama upande wa pili. Andante iko E-flati meja, na sehemu ya mwisho inafunguka kwenye C maina. Zote zina flati tatu (alama za kushusha sauti nusu hatua), yaani funguo zao ni jamaa, kwa hiyo mlango uko wazi. Mkitanguliza Andante mnaruka kutoka A hadi E-flati, umbali wa toni tatu nzima, halafu mnaibandika Skerzo kabla ya nusu saa nyingine ya vurugu. Msikilizaji atapumulia wapi?

Bi Obo
Hoja ya flati naikubali, ina nguvu. Ila hilo kugonga A upya ndilo linalowachosha wengi: dakika 23 za maandamano, kisha dakika 12 zinazoanza karibu vilevile, ingawa Skerzo iko kwenye 3/8. Mgeni anadhani sehemu ya kwanza imeanza upya.

Na tusisahau Skerzo kwanza ilirudije. Mahler alifariki 1911. Mwaka 1919 Mengelberg, aliyekuwa akiongoza okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, alijibiwa na Alma, mjane wa Mahler, kwa simu ya maandishi: kwanza Skerzo, kisha Andante. Basi. Mwaka 1963 Erwin Ratz, mtaalamu wa muziki, akachapa toleo rasmi la chama cha Mahler likiwa na mpangilio huo, akidai mtunzi alirudi kwenye wazo lake la awali, bila barua wala daftari la kuthibitisha. Waongozaji wengi wakalifuata, na rekodi nyingi za miaka hiyo ziko hivyo. Mwaka 2003 chama chenyewe kikageuka na kutamka kwamba Andante ndiyo ya pili.

Mgeni Jukwaani
Sasa sisi tunaoanza tushike ipi?

Bi Obo
Rekodi za mwongozaji Abbado zinakufaa. Na okestra ya Chicago alitanguliza Skerzo, na ya Berlin 2004 akatanguliza Andante. Au chukua rekodi yoyote ugeuze namba 2 na 3 mwenyewe. Angalia majina ya sehemu kwanza, usiamini namba: mwongozaji Barbirolli alikuwa mtu wa Andante kwanza, lakini rekodi yake ya 1967 imewahi kuuzwa ikiwa imegeuzwa. Anza na Andante peke yake, robo saa hivi. Subiri kengele za ng'ombe zinazopigwa ndani ya okestra.

Mzee wa Tarumbeta
Naongeza la nyundo, inayopigwa kama ala kwenye sehemu ya mwisho, maana nalo ni ubishi. Sehemu ya mwisho ilichapwa na mapigo matatu, kwenye vipimo (baa za nota) vya 336, 479 na 783. Mahler akalifuta la tatu na kupunguza uzito wa okestra pale. Mwongozaji Bernstein alilirudisha, mimi naona mawili yanatosha, kwa sababu la tatu linakuja wakati shujaa wa simfonia ameshaanguka.

Maagizo yanataka pigo fupi, zito, butu, lisilo na mlio wa chuma, kama shoka. Kwa hiyo ni nyundo kubwa ya mbao juu ya sanduku la mbao lenye uwazi ndani. Sanduku likiwa dogo, unasikia "ta" kama mlango uliobamizwa, na ngoma kubwa inalimeza. Kosa la pili ni muda: nyundo huchukua muda kushuka, hivyo mpigaji akisubiri fimbo ya mwongozaji ifike chini ndipo aanze, pigo linachelewa na okestra imeshapita. Lazima aanze kushusha mapema.

Nota Kavu
Kwenye nyundo unamtii Mahler alipofuta, kwenye Andante humtii alipogeuza. Hapo mzee wangu sijakuelewa.