Gitaa la flamenco kwa mkono uliozoea udi: jeupe au jeusi?

Mwuliza swali, Kikwajuni

Assalaam aleikum. Nimepiga udi katika kikundi cha taarab kwa miaka tisa, na kwa miaka mitatu sasa ninajifunza flamenco, muziki wa kusini mwa Hispania, kwa gitaa la klasiki nililoazima kwa ami yangu. Kila nikipiga rasgueado, yaani kuzikwangura nyuzi kwa kufyatua vidole kimoja baada ya kingine, sauti hutoka nzito na huchelewa kuzimika, hata mapigo yakapandana. Nimepata magitaa mawili yaliyokwishatumika, kwa bei zinazokaribiana. La kwanza ni jeupe, ambalo Wahispania huliita blanca, lenye mgongo na mbavu za saipresi na vigingi vya mbao kama vya udi. Uzi wake una urefu wa milimita 650. La pili ni negra, yaani jeusi, la palisanda, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu; lina mashine za chuma za kukazia na uzi wa milimita 660. Muuzaji wa hili la pili anasisitiza kuwa ndilo la kitaalamu. Mara nyingi nitapiga peke yangu, na mara nyingine nitamsindikiza muimbaji. Nilinganishe nini hasa, mbali na rangi?

Fundi wa ala, Malindi

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Hilo neno "la kitaalamu" mwachie muuzaji, wewe uchukue rula. Pima kwanza kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, ambavyo udi hauna): katika gitaa la flamenco uzi wa sita huwa kiasi cha milimita 3 na wa kwanza hupungua kidogo, ilhali katika gitaa la klasiki uzi wa sita hufika 4. Kisha pima kwenye daraja, kile kipande cha mbao usoni kinachofungiwa nyuzi, kutoka ubao wa uso hadi chini ya uzi. Ukipata 7 au 8, hicho ni kimo cha flamenco. Ukipata 11 au 12, hilo ni la klasiki lililopewa jina jengine. Mimi hukiamini zaidi kipimo hiki cha pili, kwa sababu cha kwanza mtu anaweza kukiteremsha kwa kusugua mfupa unaobeba nyuzi darajani (na ili kushusha milimita 1 kwenye freti ya 12 hulazimika kusugua 2, kwa kuwa freti hiyo iko katikati ya uzi), lakini cha pili hutokana zaidi na pembe ya shingo, ambayo haibadilishwi kwa tupa. Halafu piga kwa nguvu zako zote: uzi kukwaruza freti kidogo ni jambo la kawaida katika flamenco, ila noti ikifa kabisa, liache. Tazama pia kama uso una golpeador, lile bamba jembamba la plastiki, maana mpigaji wa flamenco huugonga uso kwa vidole, na sprusi ya uso ni mbao laini ambayo kucha huila.

Mpigaji, Chake Chake

Fundi amesema kweli, lakini hakuligusa suala la sauti. Saipresi ni nyepesi; mlio wake hutoka ghafla, mkavu, na huzimika upesi, na ndiyo maana wanaosindikiza waimbaji na wachezaji huipenda tangu zamani. Negra ina besi nene na mlio unaodumu, na wengi wanaopiga peke yao huichagua, nami nikiwa mmoja wao. Hata hivyo, kaka yangu, wewe mwenyewe umelalamika kwamba sauti inachelewa kuzimika. Sasa negra itakuponya vipi? Kuhusu milimita 660, nyuzi zitakaza zaidi kwa sauti ileile na freti zitaachana, na kidole kilichozoea shingo fupi ya udi kitalihisi jambo hilo. Ukifunga cejilla, yaani kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya 2 ugumu hupungua, lakini hutaifunga kila siku.

Mkaazi wa Bububu

Msisahau masika. Magitaa haya hupendelea unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na sisi tunaishi juu ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Ubao wa uso ukinywa unyevu huvimba, na nyuzi hupanda. Kwa hiyo gitaa lililopimwa milimita 3 ndani ya duka lenye kiyoyozi huenda likatoa kipimo jengine baada ya wiki mbili nyumbani. Omba muda huo kabla ya kulipa fedha zote. Vigingi vya mbao navyo hukwama, ingawa mpiga udi hahitaji kufundishwa hilo.

Mwuliza swali, Kikwajuni

Nawashukuru nyote. Nimekwenda na rula. Negra ina milimita 4 kwenye freti ya 12 na 11 kwenye daraja, na muuzaji alinyamaza nilipomuuliza sababu. Jeupe lina 3 na 8, na rasgueado yangu ilisikika pigo kwa pigo kwa mara ya kwanza. Tatizo ni ufa mwembamba mgongoni, wa urefu wa kidole, unaofuata nyuzinyuzi za mbao.

Fundi wa ala, Malindi

Ufa unaofuata nyuzinyuzi hubandikika, almuradi vipande vya mbao vya ndani havijaachia gundi. Usilipe bado, niletee Jumamosi asubuhi, tuingize kioo na taa tunduni.