Mudogo wangu anataka kwenda Doha, komisioneri anasema kafala ilishaisha. Ni kweli?

mutoto_wa_kadutu

Bandugu salama. Niko Bukavu, Kadutu. Mudogo wangu mwanamuke, miaka 24, amepata kazi ya kusafisha maofisi kule Doha, Katar, kupitia komisioneri moja (mutu wa kutafutia batu kazi) mwenye tulijulishwa na binti wa kanisani. Kontra ni ya miaka 2, salere riyali 1,200 kwa mwezi, nyumba ni ya patro, chakula atajitafutia mwenyewe. Komisioneri anaomba dolari 900, nusu mbele ya viza, nusu kisha.

Nikamuuliza mambo ya kafala, ile tulikuwa tunasikiaka, patro anakukamatia pasipoti na huwezi toka mu inchi mupaka yeye akubali. Akacheka. Eti ile iliishaka zamani, sasa Katar ni sawa Ulaya tu. Mama alishaanza kuuzisha bitenge byake ku soko kwa bei ya kutupa juu ya kupata ile franga, na mi njo mukubwa, bote banangojea neno yangu. Mwenye anajua aniambie, sheria ilibadilika kweli ao ni maneno ya komisioneri?

sekirite_wa_zamani

Ndugu, mi nilifikaka Doha 2018 nikarudi 2022, nilikuwa nachunga malango ya majengo. Komisioneri hadanganye yote, anadanganya nusu, na ile nusu njo mubaya.

Sheria ilibadilika, ni kweli. Wakati nilifika, kuhamia kwa patro mwingine ilikuwa lazima patro wa kwanza akuandikie karatasi ya ruhusa, na hakuna mwenye alikuwa anaitoa bure. Mwezi wa 8 mwaka wa 2020 bakatosha sheria mupya, ile karatasi ikaondoka. Sasa unatoa preavi (kujulisha patro mbele ya kuacha kazi), mwezi 1 kama bado uko ndani ya miaka 2, miezi 2 kama ulishapita pale, unaomba ku mutandao wa wizara ya kazi. Ruhusa ya kutoka mu inchi nayo bengi baliondolewa 2018. Ila sponsa, ni kusema patro mwenye alikuleta, hakuondoka!! Viza yako na kitambulisho chako binafungwa ku jina yake, na akienda kusema ulitoroka, ni weye utaenda kujieleza. Kulikuwa Mnepali moja, aliomba kuhama, kisha siku chache bakamuandika kama ametoroka, na jamaa alikuwa analala ku kitanda cha juu yangu kila usiku, nilikuwa nasikia akikohoa.

Sasa salere. Toka tarehe 20/3/2021 salere ya chini ni riyali 1,000, kwa kila mutu, hata boyesi (mufanyakazi wa nyumbani). Patro asipokupatia nyumba anaongeza 500, asipokupatia chakula anaongeza 300. Piga hesabu: nyumba iko, chakula hakuna, ni 1,300. Kontra yenu inapungukiwa riyali 100 mbele hata ya kupanda ndege. Dolari 1 ni riyali 3.64, kwa hiyo ile 1,200 ni kama dolari 330, na komisioneri anataka 900. Mudogo atafanya karibu miezi 3 juu ya kumulipa yeye tu.

Mama Furaha

Mwanangu, uliza kwanza kitu kimoja: ni kampuni ao ni nyumba ya mutu? Juu mi pia baliniambiaka kusafisha, nikajikuta mu nyumba ya watoto 5.

Ya kampuni salere inapita ku benki, wizara inaona kama patro amechelewa. Ya nyumba haiko mu ile mupango. Sisi tuko na sheria yetu ya 2017, kazi isipite masaa 10 kwa siku, siku 1 ya kupumuzika kwa juma, konje (likizo) ya juma 3 kwa mwaka, na ukimaliza bakulipe salere ya juma 3 kwa kila mwaka ulifanya. Ni muzuri ku karatasi. Lakini nani ataingia mu jikoni ya mutu kuhesabia masaa? Saa saba ya usiku nilikuwa bado nasugua masufuria na saa kumi na moja mutoto ananiamusha. Pasipoti yangu mama ya nyumba aliiweka mu kabati pamoja na zahabu yake, ufunguo alikuwa anauvaa ku shingo.

Kutoka mu inchi, toka 2020 boyesi pia haombe tena ruhusa, anajulisha patro masaa 72 mbele. Haya, julisha sasa mutu mwenye kuvaa ufunguo wako.

kijana_nyawera

Tunalia juu ya Waarabu lakini boyesi wa kwenu hapa hapa Bukavu analalaka saa ngapi, na siku yake ya kupumuzika ni gani? Niko nauliza tu 😅

Mama Furaha

Unasema kweli, na hata mi nilikuwaka naye. Lakini wangu akichoka alikuwa anapanda pikipiki anaenda kwabo.

mujuriste243

Naongeza mambo mawili. Sheria kubwa ya kazi ya Katar ni namba 14 ya 2004, na wafanyakazi wa nyumbani hawamo. Kwa hiyo swali la Mama Furaha ndilo linaamua yote. Pili, kontra inaandikwa kwa Kiarabu, na kama Kiarabu na luga nyingine havipatani, Kiarabu ndicho kinashinda. Tafuta mutu akusomee upande ule, si upande mwenye unaelewa. Pasipoti nayo, sheria ya 2015 inakataza patro kuikamata, amendi (faini) inafika riyali 25,000, ila lazima mutu aende kushitaki.

mutoto_wa_kadutu

Asanteni bote. Nilipeleka kontra kwa mwalimu moja wa Kiarabu ku musikiti, akaweka miwani, akasoma mistari 4 akaacha. Upande wa Kingereza ni kusafisha, upande wa Kiarabu ni mufanyakazi wa nyumbani, na patro ni jina ya mutu, hakuna kampuni. Nikatumia komisioneri foto, akarudisha sauti: "Kiarabu ni formalite tu, usisumbuke."

Mudogo anasema bado anataka kwenda, ila kwa kampuni. Mama amerudisha mu sanduku bitenge 6 yenye ilibakia. Franga ya kwanza hatujatoa.

Mama Furaha

Musitoe. Na ile kopi musimurudishie.