Kukata silinda ya S&W 642 itumie klipu za mwezi: inafaa?

mtutu_mfupi:
Wakuu, habari. Nipo Marekani, nabeba kihalali bastola ya Smith & Wesson 642 ya .38 Special, risasi tano, mtutu wa inchi 1.875. Maganda hayatoki yote kwa mkupuo. Moja au mawili hubaki yameninginia. Nataka silinda ikatwe ipokee klipu za mwezi, yaani vibati vya duara vinavyoshika risasi zote tano pamoja. Hasa kinakatwa nini? Na baadaye nitaweza kutumia risasi bila klipu?

Mkerezaji:
Mkuu, kinachokatwa ni uso wa nyuma wa silinda pamoja na nyota ya kutolea maganda. Unachongwa mduara wa kina kidogo kuzunguka kitovu, klipu ikae humo bila kuinua risasi. Pembeni inabaki sehemu ambayo ukingo wa ganda unaegemea, ndiyo maana kazi ikifanywa vizuri .38 hufyatuka hata bila klipu.

Nunua klipu kwanza, kisha umpelekee fundi wa bunduki pamoja na silinda. Klipu hazina unene mmoja, na kina cha mkato hufuata klipu. Mkato ukiwa na kina kidogo mno, vitako vya risasi vinasugua fremu na silinda inakuwa nzito. Ukiwa mpana kupita kiasi, ukingo unakosa pa kuegemea: risasi inazama mbele, nyundo inapiga fataki (kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi) bila kuilipua.

Nyota ikatwe ikiwa imekaa mahali pake, imeshikiliwa isicheze. Meno ya katikati yanayozungusha silinda yasiguswe kabisa. Kama fundi atafungua kijiti cha kusukumia nyota, akumbuke nyuzi za S&W za kisasa zinafunguliwa kinyume; wengi wamevunja vijiti hapo.

Kazi hii ni ya mashine iliyofungwa sawasawa, si ya dreli na tupa mezani. Silinda ya 642 ni chuma kisichoshika kutu, haihitaji kupakwa rangi upya. Zile nyepesi za titani, kama ya 340PD, mimi nisingezigusa.

Bibi_Silinda:
Naongezea, maana hapo juu mmeruka jambo kubwa: mtutu mfupi unakuja na kijiti kifupi. Ganda la .38 lina urefu wa inchi 1.155, na kijiti hakifiki huko. Klipu haikirefushi. Inachofanya ni kuyafunga maganda matano yawe kitu kimoja, moja lisibaki nyuma wala kuteleza chini ya nyota. Bado unatakiwa kuinua mdomo wa mtutu juu na kupiga kijiti mara moja kwa nguvu.

Angalia pia mpini wa kushoto. Mipini mingi ya mpira inazuia klipu kutoka. Usipopunguza hapo utamlaumu fundi bure.

mtutu_mfupi:
Shukrani. Na kubeba klipu mfukoni?

Bibi_Silinda:
Hapo ndipo penye udhaifu. Klipu ni bati jembamba, ukiikalia inapinda, na iliyopinda inakwamisha silinda au inafanya triga iwe nzito kwenye chemba (tundu la risasi) moja tu. Iweke kwenye kikasha kigumu. Kabla ya kuibeba, ilaze tupu juu ya kioo: ikicheza, itupe. Kisha ijaze, hakikisha mtutu umeelekezwa pasipo na madhara na kidole kiko mbali na triga, zungusha silinda taratibu kwa mkono ikiwa wazi, uone vitako vyote viko sawa. Majaribio ya kuvuta triga yafanywe kwa risasi bandia pekee.

Maganda nayo yanatofautiana mfereji, ule mkato ulio mbele ya ukingo ambao klipu hushika, kwa kila kampuni. Klipu inayobana moja italegea kwa lingine. Chagua aina moja ya risasi ubaki nayo, na ununue kifaa cha kupachikia na kuchomolea, vidole vinapinda klipu.

Mkerezaji:
Kama ungekuwa hujanunua bado, ningesema tazama Ruger LCR ya 9mm, inatoka kiwandani na klipu. Lakini kwenye bastola nyepesi, mshtuko unaweza kuvuta kichwa cha risasi ya 9mm isiyobanwa vizuri mpaka kikatokeza mbele ya silinda na kuifunga. Risasi za .38 kwa kawaida mdomo wa ganda umebanwa kushika kichwa. Kwa hiyo hiyo 642 yako, ikikatwa vizuri, naiona chaguo bora. Muulize fundi kabla kuhusu dhamana ya kiwanda, maana ukishakata hakuna kurudi nyuma.