Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, kwa nini LUKU inamkata mpangaji?

Wakuu, hili limenyamaziwa vya kutosha. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Kisheria anayedaiwa ni mmiliki. Lakini mita haimjui mmiliki, inamjua anayenunua umeme, na kwa nyumba za kupanga Dar huyo ni mpangaji.

Angalia umeme wa elfu tano, tarifu ya kawaida ya 292 kwa yuniti. Bila kodi ya jengo, ukitoa VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, inabaki 4,098, yaani yuniti 14. Kodi ya jengo ikiingia, 1,500 ya mwezi inaondoka kwanza, na yuniti hazifiki hata 10. Kwenye meseji ya tokeni inasomeka kama deni. Deni la nani? Mpangaji hana hati, hana kiwanja, hata ruhusa ya kupigilia msumari ukutani anaomba!

Na wanasiasa wanaongeza bila kelele kwa sababu wenye nyumba hawaumii. Ilianza 12,000 kwa mwaka, bajeti ya 2023/24 ikaipeleka 18,000. Ghorofa za mjini zikatoka 60,000 hadi 90,000 kwa kila sakafu. Jengo la sakafu tatu ni 270,000, sawa na 22,500 kwa mwezi, na ikifungwa kwenye mita moja, mwenye chumba chenye mita hiyo anabeba jengo zima.

Najua kuna watakaosema "kata kwenye kodi ya pango". Ukate kwenye pango lipi, wakati umeshalipa miezi sita au mwaka mzima mbele, na dalali amechukua ya mwezi mmoja juu yake? Chumba cha 150,000 ni 1,050,000 kabla hujaingiza godoro. Hela yote iko kwa mwenye nyumba, wewe huna cha kuzuia. Ukidai 18,000 yako unaambiwa mkataba ukiisha utafute kwingine. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005 na mabaraza yake yakaondoka nayo. Hiyo ndiyo siasa yenyewe: wamemwondolea mpangaji kinga, halafu wakamgeuza mkusanya kodi asiyelipwa.

Baya zaidi ni malimbikizo. Chumba kikikaa tupu miezi minne bila mtu kununua umeme, deni linajikusanya. Mpangaji mpya ananunua umeme wa elfu kumi, 6,000 zinaenda kwenye miezi ambayo hakuwa hata mtaa ule.

Halafu nyumba moja yenye mita tano. Kodi ni ya jengo, si ya mita, kwa hiyo inatakiwa kukatwa mita moja tu. Lakini mpaka mmiliki atoe taarifa ili mita nyingine ziondolewe. Wangapi wanajisumbua, wakati hela si yao?

Kwa anayetafuta nyumba sasa hivi: kabla ya kulipa, nunua umeme wa elfu mbili kwenye mita hiyo na usome meseji. Ukiona deni, mwenye nyumba alimalize kwanza. Andikisha kwenye mkataba kwamba kodi ya jengo ni ya mmiliki na kwamba 18,000 inatolewa palepale kwenye malipo ya mwaka, 9,000 kwa miezi sita. Usikubali "tutaelewana". Meseji za tokeni usifute, ndiyo ushahidi wako pekee. Mkichangia mita moja, gawaneni makato kwa idadi ya vyumba, msimwachie anayenunua.

Na wakusanyaji wa kodi hii wamfuate mmiliki. Wampe namba ya malipo, alipe mwenyewe kwa simu au benki kama anavyolipia kiwanja. Mita ibaki kuuza umeme.