Naomba tairi la spea naulizwa "Kwani unaenda nalo wapi?" Huyu jamaa wa pikapu za umeme atatuua kwa presha!

FundiMbao_MN

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye ile yadi, hata jaketi sijavua. Jina sitaji. Wabongo wote wa Minneapolis na St. Paul mnamjua, Wakenya mnamjua, yule wa tai nyembamba na kalamu ya kugongagonga mezani. Huyo huyo.

Nimekwenda kutafuta pikapu ya umeme ya kazi. Mimi ni fundi, najenga vibaraza na kupiga jipsamu, siku nzima nipo na drili, msumeno wa meza na kompresa. Sikwenda kununua pambo la harusi. Nikamtajia vitu ninavyotaka vitoke kiwandani vikiwa ndani ya gari: plagi za maana kwenye bodi, ikiwemo ya volti 240. Pampu ya joto, maana Januari ya Minnesota mnaijua, ukiwasha hita ya kawaida betri inalia. Kapeti za mpira, madigadi manne, mahali pa kufungia trela. Na tairi la spea, la tano, pamoja na jeki na spana yake.

Akaacha kugonga kalamu. Akanitazama kuanzia buti hadi kofia. Akasema: "Kwani unaenda nalo wapi?"

KWANI UNAENDA NALO WAPI!

Mtu mzima, nina watoto, nina leseni, naulizwa safari zangu kama nimeiba gari la baba! Naenda nalo kazini! Naenda nalo Duluth! Nikiamua naenda nalo mwezini, pesa yangu! Gari lina zaidi ya tani mbili na nusu, barabara za huku zikitoka kwenye theluji zina mashimo ya kufugia kambale, halafu yeye ananionyesha kichupa cha dawa ya kuziba pancha na kipampu cha ukubwa wa redio. Tairi likichanika ubavuni kichupa kinafanya nini? Nikinywe?

Plagi nazo ziko kwenye toleo la juu, lenye viti vya ngozi na paa la kioo. Yaani ili nichomeke msumeno lazima kwanza ninunue kioo cha kutazamia nyota! Nina vumbi la jipsamu mpaka kwenye nyusi, nakalia ngozi ya nani?

Sasa sikieni hili. Spea hakuna, plagi hakuna, lakini karatasi ya bei imejaa vitu vya yadi ambavyo sikuomba: dawa ya kung'arisha rangi, nati za kufuli, mstari wa stika ubavuni, na NAITROJENI kwenye matairi. Mamia ya dola! Hewa tunayovuta bure ni naitrojeni asilimia 78 tayari! Ananiuzia upepo wa matairi manne, nikiuliza la tano, "kwani unaenda nalo wapi?" Na alisema kwa sauti, wateja wa meza ya pili wakageuka. Mmoja akacheka. Alicheka kabisa, nilimwona meno.

Kwani unaenda nalo wapi. Sijapata kudharauliwa hivi tangu nishuke kwenye ndege.

Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa malalamiko ya jumla. Huu ujitegemee.

Mjukuu wa Kigogo

Uzi bila picha ya hiyo karatasi ya bei ni chai.

DadaWaBrooklynPark

Hii si chai, na kalamu naijua. Mume wangu aliulizwa na huyo huyo, "Kuchaji unajua lakini?" Mume wangu ni mhandisi wa umeme! Amepoteza hamu ya kula jioni ile nzima.

FundiMbao_MN

Dada asante sana. MNAONA? Na mimi ameniuliza naenda nalo wapi!

Volti Kali

Mkuu pole, lakini umekwenda kununua gari kabla ya kusoma. Unachotaka si ndoto. F-150 Lightning, ile pikapu ya umeme ya Ford, ilipoingia sokoni 2022 ilikuja na mfumo wa umeme wa kazi unaotoa hadi kilowati 9.6, plagi 11, moja ya volti 240 nyuma. Buti la mbele lina lita 400 na plagi zake humo humo. Kwenye matoleo ya chini kilowati zilikuwa 2.4, ukitaka 9.6 unaongeza hela, hukulazimishwa paa la kioo. Pampu ya joto ikaingia toleo la 2024. Pikapu nyingine ya umeme, Rivian R1T, nayo ina nafasi ya spea chini ya sakafu ya bodi, unaiagiza kama nyongeza. Ulikuwa na haki ya kuuliza kila kitu ulichouliza. Tatizo umemuuliza mtu wa kuuza upepo.

Mjukuu wa Kigogo

Kwa hiyo alikuwa na haki ya kumuuliza anaenda nalo wapi 😂😂😂

FundiMbao_MN

Wewe Mjukuu nitakutafuta. Hajaniuliza kwa wema! Ungeona jinsi alivyosema "kwani". Hiyo "kwani" ilikuwa na miguu.

Wa Songea

Mnateseka bure. Huku Hilux ya dizeli spea inaning'inia chini ya bodi tangu sijazaliwa, hakuna aliyewahi kumwomba mtu. Betri zenu zikiisha njiani mtaenda kuomba moto kwa jirani?

Volti Kali

Wa Songea tulia, hatujasema uuze Hilux. Na Fundi usijione uko peke yako. Tesla kwenye pikapu yao ya Cybertruck waliahidi betri ya ziada ya kufungwa kwenye bodi, dola 16,000, watu wakaweka amana ya dola 2,000, halafu 2025 ikafutwa na amana zikarudishwa. Mwaka huo huo wakaleta toleo la bei ya chini, dola 69,990, wakang'oa plagi za bodi na mfuniko wa kujifunga wenyewe. Miezi michache tu, toleo lenyewe likaondolewa. Ndiyo mchezo wao: kitu cha kazi kinakatwa kwanza, urembo unabaki.

DadaWaBrooklynPark

Na ile pikapu ya umeme ya kampuni ya Slate mbona hamuisemi? Walivyoionyesha Aprili 2025 vioo vya kuzungusha kwa mkono, redio hakuna, rangi hakuna, unapamba mwenyewe baadaye. Mimi naona hao angalau wanasema ukweli mapema.

FundiMbao_MN

Wakuu mnaniletea historia ya magari, mimi nazungumzia UTU. Kilowati nazijua. Mtu ameagiza spea, anaulizwa anaenda nalo wapi, mteja mwingine anaonyesha meno! Hilo mmelipita juu juu. Na ile ruzuku ya dola 7,500 ya serikali kwa wanunuzi wa magari ya umeme imefutwa tangu Septemba 30, 2025, yaani natoa mfukoni mwangu kila senti, halafu bado nadharauliwa!

Otis wa Eastlands

Bana, pole. Lakini usidhani utakuja kuileta nyumbani. Kenya gari la usukani wa kushoto halisajiliwi, na likipita miaka minane haliingii. Shemeji yangu alituma moja akidhani atajuana na mtu bandarini. Mpaka leo hatumtaji kwenye mikutano ya familia.

Wa Songea

Otis leta hiyo stori ya shemeji kamili.

Bi Mkunazini Maskati

Nyie mnalia baridi, njooni Maskati mwezi wa saba. Mie gari naliwasha kipupwe robo saa kabla sijatoka, na usukani bado waniunguza. Mnataka pampu ya joto, mie nataka kiti chenye kupuliza hewa ya baridi, na muuzaji wetu naye ati kiti hicho mpaka ununue na spika kumi na nane. Spika kumi na nane! Mie nasikiliza taarabu peke yangu, si uwanja wa mpira.

DadaWaBrooklynPark

Bi Mkunazini hapo umenigusa. Spika na kiti vina undugu gani?

Mjukuu wa Kigogo

Sasa mimi nina malalamiko ya kweli, si haya ya upepo. Gari la umeme ninalo tayari, mwenye nyumba wangu ndiye shetani. Nilikuwa nachaji usiku kwa waya wa ekstensheni kupitia dirishani. Asubuhi nimeamka, waya umekatwa kwa mkasi, umekunjwa vizuri, umewekwa mlangoni. Na barua.

Volti Kali

Gari gani?

Mjukuu wa Kigogo

Pikapu. Ya betri ile ya 98.

Volti Kali

Mkuu!! Kilowati-saa 98 kwa plagi ya ukutani ya volti 120? Ikitoka sifuri ni siku tatu au zaidi, usiku na mchana! Na ekstensheni nyembamba inapata moto. Mwenye nyumba amekuokoa na kaburi. Omba akuwekee plagi ya volti 240 sehemu ya kuegesha, hata kwa kuchangia.

FundiMbao_MN

Mods naomba tubaki kwenye mada. Spea. Kalamu. Kwani unaenda nalo wapi.

Wa Songea

Subiri kwanza Fundi. Mjukuu, barua ilisemaje?

Mjukuu wa Kigogo

Kwamba nimehatarisha jengo, na nilipe dirisha maana lilikaa wazi majira yote ya baridi, bomba la jirani wa chini likaganda.

Otis wa Eastlands

Dirisha wazi Minnesota?? Na wewe ulikuwa unalala wapi?

Mjukuu wa Kigogo

Sebuleni. Hilo si suala. Suala ni kukata mali ya mtu.

DadaWaBrooklynPark

Hebu ngoja. Unakaa ghorofa ya ngapi?

Mjukuu wa Kigogo

Ya tatu.

Bi Mkunazini Maskati

Ya TATU? Waya watoka ghorofa ya tatu mpaka chini kwenye gari? Jamani njooni huku nyote, yule jirani wa chini kashakulipisha bomba au bado?