Mjadala: Je, wapigakura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya miaka mitano kwisha?

Mwanzilishi wa mjadala

Kifungu cha 104 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa wapigakura haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula wa Bunge kumalizika, kisha kinaliachia Bunge lenyewe kazi ya kutunga sheria ya kueleza sababu na utaratibu wa kufanya hivyo. Bunge lilitunga sheria hiyo mwaka 2011, ndani ya Sheria ya Uchaguzi, lakini liliifanya kazi hiyo kama fundi aliyeagizwa kutengeneza mlango wa kumtolea yeye mwenyewe nje.

Tazameni masharti yaliyowekwa. Mbunge hangeweza kuguswa katika miezi 24 ya kwanza wala katika miezi 12 ya mwisho ya muhula. Mtu aliyewania kiti hicho na kushindwa hakuruhusiwa kuanzisha ombi. Kabla ya lolote, Mahakama Kuu ilipaswa kuwa imethibitisha kwamba mbunge huyo amekiuka Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na uadilifu, au ametumia vibaya rasilimali za umma, au amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi. Baada ya hapo zilihitajika saini za asilimia 30 ya wapigakura waliosajiliwa, zilizosambaa katika zaidi ya nusu ya wadi za eneobunge, na hata kura ikipigwa, mbunge angeondoka tu iwapo wanaounga mkono kuondolewa kwake wangefika nusu ya wote waliosajiliwa, si nusu ya waliojitokeza.

Tupige hesabu hapa kwetu. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wapigakura 2,415,310 katika maeneobunge 17, yaani wastani wa takriban 142,000 kwa kila eneo. Asilimia 30 ya hao ni zaidi ya saini 42,000, na nusu yao ni kura 71,000. Wabunge wengi huingia Bungeni kwa kura chache kuliko hizo, hasa katika jiji hili ambako waliojitokeza mwaka huo walikuwa chini ya kiwango cha kitaifa. Kwa hivyo sheria ilidai kumtoa mbunge kuwe kugumu kuliko kumwingiza, na sijawahi kusikia mtu akieleza kwa nini.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele vikuu vya masharti hayo, ikiona kwamba yaliizuia haki ambayo yalipaswa kuiwezesha. Tangu wakati huo Bunge halijaziba pengo hilo kwa upande wa wabunge na maseneta, ingawa sheria ya kuwaondoa wawakilishi wadi ilirekebishwa mwaka 2020, na tume ya uchaguzi, IEBC, ilikiri mwaka 2025 kwamba mikono yake imefungwa kuhusu wabunge. Vijana waliouliza, baada ya tarehe 25 Juni 2024, jinsi ya kuwarudisha nyumbani wabunge 195 waliopitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106 walioupinga, walikuwa wakiuliza swali halali lisilo na fomu ya kujaza popote.

Msimamo wangu ni huu: sharti la mahakama lisirejeshwe kamwe, sababu za kumwondoa mbunge waachiwe wapigakura wenyewe, na kiwango cha saini kipimwe kwa idadi ya waliopiga kura katika uchaguzi uliopita. Nawakaribisha mnipinge.

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Mwanangu, umeandika vizuri, na hesabu yako sina neno nayo. Ninachokipinga ni pale unaposema sababu waachiwe wapigakura, kwa maana nchi hii imekwisha kuona mbunge akirudishwa kwa wananchi kwa jina la wananchi, na si wananchi waliomrudisha.

Mwezi wa Aprili mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, na wabunge waliomfuata wakahamia chama kipya cha KPU. Serikali haikungoja. Katiba ilibadilishwa kwa kasi kabla mwezi haujakwisha, ikaamriwa kwamba mbunge aliyehama chama chake arudi kwa wapigakura kuomba kiti upya. Hoja iliyotolewa ilikuwa tamu masikioni: mliwachagua kwa tiketi ya KANU, chama tawala, basi ni haki waje muwahukumu. Katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo, KPU ilipata viti 9 tu katika mabaraza yote mawili. Bildad Kaggia, aliyekuwa akisema waziwazi juu ya watu wasio na ardhi wakati wenzake wakinyamaza, alipoteza kiti chake. Miaka mitatu baadaye chama chenyewe kilipigwa marufuku.

Basi weka kando wale 195 na utafakari juu ya wale 106. Mbunge anayeukataa mswada wa serikali amejiuza kwa nani? Ana nini mkononi cha kushindana na mtu mwenye pesa za kukusanya saini mtaa kwa mtaa, anayelipa shilingi mia mbili kwa kila jina? Sheria yako haitamuuliza mtia saini kama amelipwa. Kwa maoni yangu, wa kwanza kuondolewa wangekuwa wale wenye msimamo, kwa sababu ndio wenye maadui matajiri. Ningependa sheria itamke kwamba kura ambayo mbunge ameipiga Bungeni, iwe ya ndiyo au ya la, haiwezi kuwa sababu ya kumwondoa. Aondolewe kwa wizi, aondolewe kwa utoro, lakini asiondolewe kwa kufikiri.

Wakili, Upper Hill

Kwa kifupi, ili mjadala usiende mbali na yaliyomo katika sheria: kuhusu utoro, Kifungu cha 103 kinatosha, kwa kuwa mbunge anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika anapoteza kiti, asipokuwa na sababu ya kuridhisha. Tatizo ni utekelezaji.

Kuhusu nchi nyingine, jirani zetu wa Uganda waliiweka haki hii katika katiba yao ya mwaka 1995, wakadai saini za theluthi mbili ya wapigakura, tena wakasema itumike tu wakati nchi inapoongozwa kwa mfumo wa Movement, yaani siasa zisizo za vyama. Vyama vingi viliporejea, haki ikalala. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, ilifuata njia iliyo karibu na matakwa ya mwalimu: mbunge hawezi kuguswa kwa kura yake wala kwa maoni yake, bali kwa kufungwa jela kwa kosa, kwa kusimamishwa na Bunge kwa muda maalumu, au kwa udanganyifu katika madai ya marupurupu. Sababu zikipatikana, kiwango ni asilimia 10 tu ya waliosajiliwa, na watu hutia saini katika vituo maalumu, au kwa posta, kwa muda wa wiki sita. Ombi la kwanza, mwaka 2018, lilishindwa kwa tofauti ndogo huko North Antrim. Mwaka uliofuata mbunge wa Peterborough akaondolewa. Kwa maneno mengine, mlango ni mwembamba, lakini ukishafunguka unapitika. Sisi tulijenga mlango mwembamba, tukaweka na ngazi ya kupanda.

Mkaazi wa Pipeline, Embakasi Kusini

Ndugu zangu, mnajadili asilimia kana kwamba waliosajiliwa ndio wanaoishi hapa. Katika ghorofa ninamokaa kuna vyumba sita kila orofa, na nikihesabu majirani wa orofa yangu, ni wawili tu wanaopigia kura Embakasi Kusini. Wengine, pamoja na mimi, tumesajiliwa mashambani, mimi nikiwa Vihiga, kwa kuwa huko ndiko nyumbani na huko ndiko nitakakozikwa. Upande wa pili, wapo waliojisajili hapa mwaka 2017 wakiwa wapangaji, wakahamia Kitengela au Ruiru kodi ilipopanda, na majina yao yangali katika sajili ya hapa. Hao ni wa kutafutwa wapi watie saini? Mimi ninayepitia kila siku barabara iliyojaa majitaka sina haki ya kumwondoa mbunge wa hapa, na yule aliyeondoka zamani anayo.

Jambo la pili ni saini zenyewe. Mwalimu ameogopa zitanunuliwa, lakini nani atataabika kununua? Ingia jengo lolote la ofisi katikati ya jiji. Mlinzi anakusukumia daftari lenye mistari iliyochorwa kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unakotoka, saa ya kuingia, na mwisho kabisa nafasi ya saini. Ukurasa ukijaa anafungua mwingine. Madaftari hayo yakishaisha yanakwenda wapi? Mwaka 2021 Wakenya wengi walitazama mtandaoni wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo, na mwaka huohuo tume ilipotangaza majina ya waliounga mkono mswada wa BBI wa kubadilisha Katiba, wapo waliosema hawakutia saini yoyote. Saini 42,000 katika jiji hili hazihitaji watu 42,000.

Mwanzilishi wa mjadala

Hoja ya saini naikubali bila kusita, na nadhani wakili ametupa jibu bila kukusudia. Fomu zisizunguke mitaani. Tume ifungue vituo katika kila wadi, ambazo ni tano kwa kila eneobunge hapa Nairobi, mtu afike na kitambulisho chake, alinganishwe kwa alama za vidole na sajili, kisha atie saini. Hakuna daftari la mlinzi litakaloweza kufanya hivyo, na anayelipwa shilingi mia mbili atajiuliza mara mbili kama inafaa kupanga foleni nusu siku kwa ajili yake. Kuhusu wanaoishi hapa na kupiga kura kwingine, hilo haliwezi kutatuliwa na sheria hii. Kuhamisha kituo cha kupigia kura kunawezekana, na anayechagua kubaki Vihiga amechagua mbunge wa kumdai.

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo kwenye mwaka 1966 tunaachana. Waliorudishwa wakati huo hawakurudishwa na saini ya mwananchi hata mmoja. Walirudishwa na marekebisho yaliyoandikwa na waliokuwa madarakani, yakiwalenga watu ambao majina yao yalijulikana. Funzo ninaloliona mimi ni kwamba chama kisiwe na uwezo huo. Na ukiniambia kura ya Bungeni isiwe sababu, umeniachia nini? Wizi ni kazi ya mahakama na utoro ni kazi ya Spika. Kazi niliyomtuma mbunge ni kupiga kura hiyo. Akiupitisha ushuru ambao aliahidi kuukataa alipokuwa akiomba kura, hajaiba wala hajatoroka, lakini hapo ndipo ninapokuwa na neno naye. Kuhusu wale 106, naamini mbunge anayesimama na watu wake atapata watu wa kumtetea kituoni, na kura ya mwisho bado ni ya wote.

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Unaamini, mwanangu. Mimi nilifundisha watoto wa watu ambao mwaka 1988 walipanga foleni ya mlolongo nyuma ya picha ya mgombea wao, wakaona foleni ndefu ikitangazwa kuwa fupi. Nitakubaliana nawe siku utakaponionyesha kituo kisicho na macho mlangoni.

Mama wa watoto watatu, Kayole

Mwalimu amenigusa, na ndiyo sababu nimeamua kuandika. Mtoto wangu wa pili yuko kidato cha tatu kwa basari ya eneobunge. Fomu ile huijaza mzazi, lakini ili ipite ni lazima ionwe na watu, na watu hao wanajulikana ni wa nani. Sasa mtu akitia saini ya kumwondoa mheshimiwa katika kituo cha wazi, kila anayemwona akiingia anajua amekwenda kufanya nini, kwa maana mle ndani hakuna jambo jingine la kufanya. Kura ya uchaguzi ni ya siri. Hii haina siri hata kidogo. Hatua hiyo nisingeithubutu mpaka mtoto amalize shule, na wazazi wenye hali kama yangu si wachache.

Kama mnataka vituo hivyo, basi anayeingia asitie saini kwenye orodha. Apewe karatasi yenye visanduku viwili, kimoja cha kukubali mbunge apigiwe kura ya kuondolewa na kingine cha kukataa, aijaze nyuma ya pazia, aikunje na kuitumbukiza sandukuni. Wafuasi wa mheshimiwa nao watakwenda kujaza chao, na atakayekaa mlangoni kuhesabu wanaoingia hatajua nani ni nani.