Wageni wanaandika "what with", "seeing as"... wanamaanisha nini?

MdauUjiji: Wakuu, nipo mapokezi ya gesti hapa Kigoma mjini, wageni wengi ni wa kwenda Gombe. Kiingereza cha shule ninacho, ila jumbe zao zinanichanganya. Mmoja kaandika: "What with the rain and the kids being ill, we might come Thursday." Mwingine: "Seeing as the boat leaves early, could we pay tonight?" Wanalalamika au?

Mzee_Kibirizi: Wanatoa sababu tu, mdogo wangu. "What with" ni ya kurundika sababu, aghalabu mbili au zaidi, na nyingi ni za kero: mara mvua, mara watoto wanaumwa. Hiyo "what" usiisome kama swali, utapotea. Baada yake huja nomino au kitenzi chenye -ing. Ukiandika "what with it rained" umeharibu. Halafu angalia "might": Alhamisi bado ni huenda. Usimshikilie chumba kabla hajathibitisha.

BintiMwandiga: "Seeing as" ni "maadamu" au "kwa vile". Hutumika pale sababu inapojulikana kwa wote wawili: boti inatoka mapema, hilo mnalijua, basi tulipe leo. Yenyewe hufuatwa na sentensi kamili. Ni ya mazungumzo. Kwenye barua rasmi weka "since".

MdauUjiji: Shukrani. Na "How come there's no hot water?" Hii najibu "yes" au "no"?

Mzee_Kibirizi: Hakuna "yes" wala "no" hapo. Ni "mbona", anataka sababu: "Because the power is out." Saa ya umeme kurudi usiitaje kama huijui. Ukiuliza wewe, maneno hayageuzwi: "How come you are leaving?", si "How come are you leaving?" Ila kwa mgeni usiyemzoea inaweza kusikika kama unamhoji. "May I ask why" ina adabu zaidi.

BintiMwandiga: Ukiona "The thing is...", jiandae, mara nyingi inafuata sababu ya kukataa au kuomba kitu kigumu, kama punguzo. Na "thanks to", yaani "kwa sababu ya", isome hadi mwisho. "Thanks to your driver, we missed the boat" si shukrani hata chembe! Anza na "I'm very sorry", kisha mtajie boti inayofuata.